Misumeno miwili imekufa ndani ya mwaka mmoja: nimwondoe mpwa wangu kazini?

Mzee Fundi,

Nakusalimu kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mimi na wenzangu watatu tunafanya kazi ya kukata na kupogoa miti kwa malipo: miembe iliyoegemea mapaa ya nyumba, mikaratusi iliyokaribia nyaya za umeme, na mara nyingine mashamba madogo ya mitiki ambayo wenyewe wanataka kuyapunguza. Tulianza na misumeno mitatu ya mnyororo, yaani pawasoo kama tunavyoziita huku: mkubwa wa kuangushia, wa kati wa kukatia magogo, na mdogo wenye mshikio wa juu ambao mpwa wangu hupanda nao mtini. Leo ninapokuandikia, unaofanya kazi ni huo mdogo peke yake.

Ule wa kati ulianza kufifia kiangazi cha mwaka jana. Ukawa unakunywa petroli nyingi na kukosa nguvu, hadi mshirika wangu akauuza kwa bei ya chuma chakavu. Lakini mkubwa ndio unaoniumiza roho. Mwezi wa Novemba tulipata kazi Zombo, kule milimani, na ulikuwa ukikohoa, ukitoa moshi mzito, na plagi ikitoka imelowa. Fundi mmoja wa pikipiki akazungusha skrubu ya kabureta kidogo na hali ikatengemaa. Mwezi wa Januari tukashuka Pakwach kusafisha kiwanja cha mtu, na msumeno ukalia kwa sauti kali na nyembamba kuliko siku zote. Tukafurahi tukadhani umerudia ujana. Oili ya kuchanganyia ilipotuishia tulinunua nyingine katika duka lililo karibu na maegesho ya mashua, na vijana wakachanganya kama ilivyo desturi yao, vifuniko viwili vya plastiki vya chupa ya soda kwa kila lita ya petroli. Siku ya tatu, yapata saa nane mchana, msumeno ukazimika katikati ya gogo na kamba ya kuwashia ikakataa kuvutika.

Fundi alipofungua silinda alituonyesha pistoni. Upande unaotazama bomba la moshi ulikuwa umechubuka kama uliokwaruzwa kwa msumari, lakini upande wa kabureta ulikuwa bado laini. Yeye anasema msumeno wenyewe ni bandia. Mshirika wangu, ambaye ndiye aliyetoa nusu ya mtaji, anasema ubovu si wa msumeno bali ni wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anauendesha kwa pupa bila kuupumzisha, na anataka nimwondoe kabla hatujatumia shilingi nyingine. Kijana anajitetea kwamba kila akiomba muda wa kusafisha na kunoa, mshirika huyo huyo humwambia kuwa mteja hamlipi mtu akae kivulini akisugua chuma.

Dada yangu ameshasikia habari hizi na salamu zetu zimepungua. Naomba unisaidie kujua kosa ni la nani, utunzaji wa kila siku unapaswa kuwaje, na kama kuna ubaya wowote katika kutumia oili chafu ya gari kwenye mnyororo, maana vijana huiokota bure gereji. Kile kikingio cha mbele cha msumeno mdogo, kinachovuta breki, nacho kilivunjika Oktoba, lakini hilo halijatuzuia kufanya kazi.

Mkuu wa kikundi, Arua

Ndugu yangu,

Umeniuliza maswali matatu, kisha mwishoni, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa ameshashika mlango, ukaniambia kwamba breki ya msumeno mdogo imevunjika tangu Oktoba. Naomba uniwie radhi, kwa sababu nitaanzia hapo. Msumeno huo ndio mpwa wako anaopanda nao mtini. Ncha ya juu ya bapa (kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo), yaani ile robo ya juu ya pua ambayo mnyororo huizunguka, ikigusa tawi ambalo mkataji hakuliona, msumeno wote hurushwa juu na nyuma kuelekea usoni au shingoni kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuizuia, na kitu kikuu kilichowekwa kiwandani kwa ajili ya dakika hiyo ni kile kikingio ambacho kikisukumwa na mkono, au na uzito wake chenyewe, huusimamisha mnyororo papo hapo. Juu ya mti hakuna pa kurukia. Usomapo barua hii, msumeno huo uwekwe chini na usiwashwe tena hadi kikingio kipya kifungwe, hata ikibidi kazi ya wiki nzima iahirishwe. Baada ya hapo breki ijaribiwe kila asubuhi kabla ya kazi: msumeno uwekwe chini mahali palipo wazi, ushikwe kwa mikono miwili, mnyororo uzungushwe kwa akselereta, kisha kikingio kisukumwe mbele kwa kifundo cha mkono; mnyororo usiposimama mara moja, breki hiyo haipo.

Sasa tuje kwenye pistoni, kwa maana umeniletea ushahidi wote na kilichobaki ni kuusoma.

Pistoni iliyokwaruzwa na vumbi huharibika kuanzia upande wa kabureta, kwa kuwa huko ndiko vumbi linakoingilia, na uso wake huwa wa kijivu uliofifia kama uliopitishwa msasa. Pistoni yako ni laini upande huo. Iliyochubuka ni ile ya upande wa moshi, ambao ndio wenye joto kali zaidi, na michubuko ya namna hiyo hutokea pale ambapo joto limezidi au utando wa oili kati ya chuma na chuma umekatika. Kwa hiyo sioni hapa alama ya ubandia, na wala sioni alama ya pupa. Injini ya msumeno wa mnyororo imetengenezwa ikate kwa nguvu zake zote. Kuibana akselereta hadi mwisho wakati meno yamo ndani ya mti ndiyo matumizi yake halali. Kinachoidhuru ni kuingurumisha hewani bila mzigo, na kuizima ghafla baada ya kukata kwa muda mrefu bila kuiacha ingurume polepole kwa muda mfupi ili feni itoe joto lililojikusanya. Mwulize kijana kama huwa anafanya hivyo. Ikiwa huwa anazima ghafla, hilo afundishwe, lakini halitoshi kuua pistoni kwa siku tatu.

Kilichoiua pistoni ni mambo matatu yaliyokutana Pakwach, na la kwanza lilianzia Zombo. Nyanda za juu za Zombo hupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa Arua ilikuwa ikitoa petroli ileile kwa hewa pungufu, na ndiyo maana mkaona moshi mzito na plagi iliyolowa. Fundi wa pikipiki alipunguza petroli kwa kuikaza skrubu ya H, ile inayopima petroli ya mwendo wa kasi, na kwa Zombo hakukosea. Kosa lilikuwa kushuka na urekebishaji huo hadi ukingoni mwa Nile, Pakwach, ambako mwinuko ni mita 600 na ushei. Huko hewa ni nzito zaidi, petroli ikabaki ileile iliyopunguzwa, na injini ikawa inachoma mchanganyiko mkavu. Kumbuka kwamba katika injini hizi za mipigo miwili oili huja ndani ya petroli, kwa hiyo petroli ikipungua na ulainishaji umepungua, na wakati huohuo mwako unazidi joto. Ile sauti kali na nyembamba mliyoishangilia ilikuwa kilio. Msumeno uliorekebishwa vizuri, ukibanwa hadi mwisho bila kugusa mti, hutoa mngurumo wenye kukwaruza kidogo, kana kwamba unakosa pigo moja moja, na ukiingia ndani ya mti sauti hunyooka. Ukisikia mluzi safi hewani, zima.

La pili ni oili. Duka la pwani ya mto huuza oili ya injini za mashua, nayo ni nzuri kwa injini za mashua, ambazo hupozwa kwa maji ya mto. Msumeno wako hupozwa kwa upepo wa feni tu, silinda yake huwa na joto kubwa zaidi, na watengenezaji wa misumeno hukataza waziwazi oili ya aina hiyo. Kwenye kopo la oili ya mashua utaona herufi TC-W3. W hiyo ni ya maji. Oili ya msumeno ni ile iliyoandikwa kuwa ni ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa.

La tatu ni vifuniko vya soda. Watengenezaji wengi wakubwa huagiza sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita, au mililita 100 kwa jerikani ya lita 5. Kifuniko cha plastiki cha chupa ya soda hakifiki mililita 10 hata ukikijaza kwa uangalifu wa mfamasia, na vijana wako walikuwa wakimimina wakiwa wamesimama, pengine upepo ukivuma. Nunua bomba la sindano kubwa katika duka la dawa. Ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote nilivyowahi kukitumia na kina mistari inayosomeka. Oili itangulie jerikanini, ifuatwe na nusu ya petroli, itikiswe, kisha petroli iliyobaki iongezwe na kutikiswa tena. Msichanganye zaidi ya mtakayotumia ndani ya wiki chache, kwa sababu petroli iliyochanganywa ikikaa huchakaa na kuacha utando kama gundi ndani ya kabureta. Petroli yenyewe inunuliwe kituoni. Wapo Arua wanaokumbuka enzi za vijana wa OPEC waliouza mafuta kwa chupa kando ya barabara, na bado utakuta chupa za namna hiyo vijijini. Mimi singeitia kwenye msumeno petroli ambayo huenda ina mafuta ya taa, maana mchanganyiko huo huwaka vibaya na kuongeza joto palepale ambapo pistoni yako imechubuka.

Kwa hiyo ukiniuliza kosa ni la nani, nitakuambia kwamba fundi wa pikipiki alirekebisha bila kuwaonya, mkuu wa kikundi hakuwa na utaratibu wa oili, vijana walipima kwa kifuniko kwa sababu hawakupewa kipimo, na mshirika wako alifanya usafi uonekane uvivu. Mpwa wako yumo, lakini sehemu yake ni ndogo kuliko yako. Maneno haya unaweza kumsomea dada yako kama yalivyo.

Ule msumeno wa kati unanisikitisha zaidi kuliko mkubwa, kwa sababu sidhani kwamba ulikuwa umekufa. Msumeno unaokunywa petroli nyingi na kukosa nguvu wakati wa kiangazi cha West Nile, barabara zote zikiwa vumbi jekundu, mara nyingi una ugonjwa mmoja tu: chujio la hewa limeziba. Hewa ikipungua, petroli huzidi, moshi huwa mweusi na nguvu hupotea. Wakati mwingine ni kile kiwavu kidogo cha kuzuia cheche ndani ya bomba la moshi ambacho kimejaa masizi. Vyote viwili husafishwa kwa brashi ndani ya robo saa, na huenda aliyeununua kwa bei ya chuma chakavu anakata nao mbao hadi leo.

Kwa sababu hiyo chujio ndilo jambo la kwanza la kila jioni, na katika kiangazi nalo litazamwe mchana pia. Kabla ya kulifungua, funga choki, ili uchafu ulio pembeni usidondokee kwenye koo la kabureta. Sugua eneo lote kwa brashi, kisha toa chujio ulikung'ute, na likiwa limelowa oili lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha likauke kabisa. Kwa kuwa kukauka huchukua muda, kuwe na chujio la pili tayari. Lililopasuka halizibwi kwa gundi wala kitambaa. Hutupwa, maana tundu dogo la kupitisha vumbi ni baya kuliko chujio lililoziba. Ukiwa umeshika brashi, safisha pia matundu ya hewa yaliyo kwenye kifuniko cha kamba ya kuwashia na mapezi ya silinda, kwa kuwa unga wa mti uliochanganyika na oili hukaa hapo kama blanketi na injini hushindwa kupoa.

Kuhusu oili chafu, jibu ni kwamba ubaya upo, tena mkubwa. Oili iliyotoka kwenye injini ya gari ina chembe za chuma na masizi, haigandi vizuri kwenye mnyororo unaokimbia kwa kasi, huziba pampu na tundu dogo linaloipeleka kwenye bapa, na hicho ndicho kitu kinachorushwa kama ukungu juu ya mikono na uso wa kijana mchana kutwa. Ni sumu kwa ngozi, na ikigusana nayo kwa muda mrefu inaweza kuleta saratani. Tumieni oili ya minyororo, na ikikosekana kabisa sokoni, oili mpya nzito ya injini itawavusha kwa muda. Kuna majaribio mawili ambayo hayagharimu kitu. Elekeza ncha ya bapa kwenye kisiki cheupe kwa umbali wa shubiri moja, ngurumisha, na baada ya muda mfupi uone mstari wa oili ukijichora kwenye kisiki. Na kila mnapojaza petroli, tazameni tanki la oili: matanki haya yamepimwa ili petroli iishe wakati oili imekaribia kwisha, kwa hiyo mkikuta petroli imeisha na oili bado ni nusu, tundu limeziba na bapa linaungua.

Sasa kunoa, ambako ndiko mshirika wako anakoona hasara na mimi ninakoona faida. Mnyororo mkali hujivuta wenyewe ndani ya mti na kutoa vipande vinene kama punje za mahindi. Mnyororo butu hutoa unga, humlazimisha mkataji kukandamiza, huchemsha bapa, huchosha klachi, na unga huo mwembamba ndio unaokwenda kuziba chujio tulilolizungumzia. Miti yenu nayo haina huruma. Mtiki una chembe za silika ambazo hula makali. Mvule mara nyingine huficha ndani yake mawe ya chokaa ambayo huvunja meno kabisa. Shina lililopakwa udongo na mchwa ni sawa na kukata matofali. Na miembe ya mjini, kama unavyojua, imepigiliwa misumari na kila mtu aliyewahi kutundika bango. Gomeni udongo kwa panga kabla ya kukata, na mnyororo usiguse ardhi hata mara moja.

Tupa ya duara iwe ya kipimo cha mnyororo. Mnyororo wa inchi 0.325 kwa kawaida hunolewa kwa tupa ya milimita 4.8, na wa inchi 3/8 kwa milimita 5.2 au 5.5 kufuatana na mtengenezaji; msumeno mdogo wa kupandia, kama una mnyororo mwembamba wa 3/8, huhitaji tupa ya milimita 4. Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kwa mnyororo wa kawaida, na huinuliwa wakati wa kurudi. Anayeivuta mbele na nyuma kama msumeno wa seremala anaiua tupa na jino kwa pamoja. Mara mbili tatu kwa kila jino kila mnapojaza petroli hutosha, na ni afadhali kuliko kungoja mnyororo uwe butu kabisa kisha kuunoa kwa saa nzima. Meno yote yawe na urefu sawa, kwa kuwa upande mmoja ukiwa mfupi msumeno hukata kwa kupinda, na kijana atalaumiwa kwa kukosa shabaha. Kuna pia kile kijino kifupi kinachotangulia kila jino, ambacho hupima jino lile lizame kiasi gani. Hicho hushushwa kwa tupa bapa baada ya kunoa mara kadhaa, kwa kutumia kipimo chake, hadi kiwe chini ya makali kwa milimita 0.65 hivi. Vijana wengi hukishusha kwa macho na kupitiliza ili msumeno uonekane na njaa. Wanachopata ni msumeno unaorusha mtu. Jino likifikia milimita 4 kwa urefu, mnyororo umekwisha.

Mkazo wa mnyororo upimwe ukiwa umepoa: ulale vizuri chini ya bapa bila kuning'inia, na bado uvutike kwa mkono uliovaa glavu. Ukipata moto hurefuka na mtaukaza, na jioni msisahau kuulegeza, kwa maana ukipoa ukiwa umekazwa hujifupisha na kuvuta ekseli ya injini na beringi zake usiku kucha. Bapa ligeuzwe juu chini kila mnapobadilisha mnyororo ili lisilike upande mmoja, mfereji wake uchokonolewe, na kingo zilizovimba zisawazishwe kwa tupa bapa. Gia inayouzungusha mnyororo hubadilishwa kila baada ya minyororo miwili, au mapema zaidi ikiwa alama za kulika zimefikia nusu milimita. Mnyororo mpya juu ya gia kuukuu huharibika kabla ya wakati wake.

Mengine ni ya kupita kwa haraka. Plagi itolewe kila wiki, nafasi yake iwe milimita 0.5, na ibadilishwe ikifikisha saa 100 za kazi. Kichujio kilicho ndani ya tanki la petroli kivutwe kwa waya uliopindwa na kitazamwe kila baada ya miezi michache. Raba za kuzuia mtetemo zikipasuka zibadilishwe, na skrubu zote zikazwe. Kila asubuhi hakikisheni kwamba mnyororo umesimama kabisa wakati injini inanguruma bila kuguswa akselereta, na kwamba swichi ya kuzima inazima kweli.

Haya yote, kwa mtu aliyezoea, ni dakika 10 asubuhi na 20 jioni. Lakini hayatafanyika kama msumeno ni wa kila mtu, na hapa ndipo ninapotaka usikie vizuri. Kila msumeno uwe na mtu wake mmoja, mwenye daftari lake dogo, ambaye huandika saa zilizofanya kazi, siku aliyobadilisha plagi, mnyororo ulioanza kutumika lini, na mahali kabureta iliporekebishwa. Mwingine akitaka kuutumia aombe, na aurudishe safi. Huo mkubwa ukishapona mkabidhi mpwa wako, na daftari umwachie mshirika wako alikague kila Jumamosi kabla ya kugawana mapato. Mwenye nusu ya mtaji ana haki ya kujua mali yake inatunzwa vipi, na akianza kusoma daftari ataacha kukasirishwa na kijana aliyeketi na tupa.

Kabla hamjanunua msumeno mwingine, mpelekee fundi aliyefungua silinda maombi mawili. Asifunge pistoni na silinda mpya bila kwanza kupima kama kuna hewa inayopenya kwenye sili za ekseli au kwenye raba inayounganisha kabureta na silinda, kwa sababu mwanya wa hapo hukausha mchanganyiko vilevile, na pistoni mpya itafuata njia ya ile ya zamani. Na kabureta irekebishwe Arua, kwa kipimo cha kuhesabu mizunguko ya injini ikiwa anacho. Asipokuwa nacho aiache upande wa petroli kuzidi kidogo, kwa maana plagi iliyolowa ni ya bei ndogo kuliko pistoni. Mkipanda tena Zombo irekebisheni huko, na siku ya kushuka irudishwe kabla ya kamba ya kwanza kuvutwa. Matanki matatu ya kwanza baada ya matengenezo, msiingurumishe hewani kwa nguvu.

Nadhani jerikani iliyochanganywa kwa oili ile ya Pakwach bado mnayo. Isiingie kwenye msumeno wowote. Mpatieni mwenye mashua, na mwambieni kwamba mlipima kwa vifuniko, ili aongeze oili kabla hajaitia kwenye injini yake.

Mzee Fundi